Wimbo usioelewa maneno yake: kwa nini unakugusa?

Ukifungulia redio jioni, saa za zilipendwa, utasikia wasikilizaji wakiomba nyimbo za Franco, za Tabu Ley na za bendi nyingine za Kongo. Mtu anataja jina la wimbo, anataja ndugu na jamaa wa kuwasalimia, na wimbo ukianza anaimba pamoja na redio bila kukosea. Lakini ukimwuliza wimbo ule unasema nini, mara nyingi atacheka. Kilingala hakijui.

Wapo wanaoona jambo hili kuwa kichekesho. Wanauliza: utapendaje kitu usichokielewa? Swali hilo ni zuri na lina majibu. Katika makala hii tunaeleza kwa nini sauti ya mtu na mlio wa chombo vinaweza kumgusa msikilizaji kabla ya maneno, na pia ni wakati gani kutoelewa maneno kunatupotezea kitu. Tutaanza mbali, kwenye kisiwa cha Iceland, tupitie Kongo na Dodoma, kisha turudi Ngarambe na vijiji vya Rufiji na Kibiti, ambako kuna nyimbo za wazee ambazo vijana wengi hawazielewi tena.

Bendi inayoimba bila maneno

Iceland ni kisiwa cha kaskazini mwa dunia, katika bahari ya Atlantiki. Ni nchi ya baridi, barafu na milima ya volkano, na watu wake wote hawafiki 400,000. Mwaka 1994, katika mji mkuu wake, Reykjavík, vijana watatu walianzisha bendi wakaiita Sigur Rós. Jina hilo walilitoa kwa mdogo wake mwimbaji, mtoto wa kike aliyezaliwa siku zile. Kwa Kiswahili tungesema Waridi la Ushindi.

Muziki wao ni wa taratibu. Wimbo unaweza kuanza kwa mlio mmoja mdogo wa kinanda, ukakaa hapo muda mrefu, halafu vyombo vikaongezeka kimoja baada ya kingine mpaka sauti ikajaa chumba kizima. Nyimbo nyingi huchukua dakika saba, nane au zaidi. Mwimbaji wao, Jón Þór Birgisson, ambaye mashabiki humwita Jónsi, anaimba kwa sauti nyembamba ya juu sana. Gitaa lake halichezi kwa vidole: analisugua kwa upinde kama mpiga fidla, na gitaa linalia kwa mlio mrefu usiokatika.

Nyimbo zao nyingi ni za Kiaislandi, lugha ambayo nje ya kisiwa hicho wachache tu wanaijua. Nyingine hazina lugha kabisa. Jónsi hutoa sauti zinazofanana na maneno lakini hazina maana, sauti zinazofuata tu mkondo wa wimbo. Wenyewe wanaziita kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni kama Kitumaini, kwa sababu zilianza kusikika katika wimbo wao uitwao Von, na "von" kwa lugha yao ni tumaini.

Mwaka 2002 walitoa albamu nzima ya sauti hizo. Albamu haikuwa na jina. Juu yake palikuwa na alama ya mabano mawili tu, na nyimbo zake nane nazo hazikupewa majina. Ndani ya kijitabu chake, pale ambapo bendi nyingine huchapisha mashairi, kurasa ziliachwa tupu ili msikilizaji aandike maneno yake mwenyewe. Albamu hiyo ilinunuliwa nchi nyingi, na bendi imejaza kumbi za Ulaya, Marekani na Japani kwa watu wasioelewa hata neno moja.

Mashabiki wa bendi hii wanapoeleza wanachokipenda, mara chache husema wimbo unahusu nini. Wanasema ulipowakuta: walikuwa safarini usiku, walikuwa wamefiwa, walikuwa peke yao. Wimbo unakuwa kama mahali pa kukaa, na kila mmoja anaingia na la kwake.

Kongo nako kulianza hivyohivyo

Msikilizaji wa Rufiji asidhani kwamba hayo ni mambo ya Wazungu tu. Rumba ya Kongo, ambayo sisi tumeifanya kama yetu, ilizaliwa kwa watu waliopenda nyimbo wasizozielewa.

Hadithi yenyewe ni ndefu, lakini kwa ufupi ni hii. Katika karne za biashara ya utumwa, watu wengi wa Kongo walichukuliwa kwa nguvu wakapelekwa ng'ambo ya Atlantiki, baadhi yao kisiwani Cuba. Huko midundo yao ilichanganyika na magitaa na nyimbo za Kihispania. Kuanzia miaka ya 1930, santuri za muziki wa Cuba zikaanza kuuzwa Afrika. Zilipofika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na Brazzaville ng'ambo ya mto, watu walizipokea kama ndugu aliyerudi. Mdundo waliutambua. Maneno yalikuwa Kihispania, na Kihispania hawakukijua.

Hilo halikuwazuia. Bendi za mwanzo za Kongo zilizipiga nyimbo hizo na kuziimba kwa Kihispania cha kubuni: sauti zilizofanana na Kihispania, zenye neno moja moja la kweli, lakini nyingi hazikuwa na maana yoyote. Walichofanya Jónsi na wenzake kule Iceland, vijana wa Kinshasa walikwisha kukifanya miaka arobaini kabla. Baadaye Kilingala kikachukua nafasi ya Kihispania. Joseph Kabasele, aliyejulikana kama Grand Kallé, alianzisha African Jazz mwaka 1953, na mwaka 1956 ikaanzishwa OK Jazz, bendi ambayo Franco Luambo aliiongoza mpaka alipofariki Oktoba 1989. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiingiza rumba ya Kongo katika orodha yake ya urithi wa binadamu.

Huku kwetu nako santuri za Cuba zilifika. Ndiyo maana Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba. Jirani zetu wa kusini walikuwa na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande. Halafu katika miaka ya 1970 bendi za Wakongo zilihamia Dar es Salaam zenyewe, zikiwamo Orchestra Maquis na Orchestra Makassy. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikuja mwaka 1978 kujiunga na Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila mpaka watu wakasahau kwamba hakuzaliwa hapa.

Ukisikiliza vizuri wimbo wa rumba ya Kongo, utaona siri yake. Mwanzo ni wa taratibu, waimbaji wanasimulia. Katikati magitaa yanabadilika, mdundo unapanda na waimbaji wanakaa kando. Hapo ndipo sebene. Gitaa la solo linazungumza, ridhimu linajibu, besi linashikilia chini, na maneno yanayobaki ni majina ya watu na makelele ya kuchangamsha. Muulize mpenzi yeyote wa muziki huo anasubiri sehemu gani. Atakwambia anasubiri sebene, sehemu ambayo Mkongo na Mrufiji wanaielewa sawasawa.

Mgogo aliyeliza London

Upande wa pili nao upo. Kuna watu wa mbali wanaotupenda sisi bila kutuelewa.

Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma. Alipiga zeze na ilimba, ile ambayo sehemu nyingine huitwa marimba ya vidole. Sauti yake ilipanda juu sana na kushuka chini ndani ya wimbo uleule. Mwalimu Nyerere aliposikia habari zake alimwita Dar es Salaam, na kwa miaka mingi Zawose alifundisha na kuishi Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa ambacho leo kinaitwa TaSUBa. Alikuwa fundi wa kutengeneza vyombo vilevile alivyovipiga. Ilimba ya Kigogo huwekewa tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na vyuma vikibonyezwa utando ule unatetemeka na kutoa mvumo mwembamba. Mgeni hudhani chombo kimeharibika. Mgogo anajua kwamba bila mvumo huo ilimba haijakamilika.

Kuanzia miaka ya 1980 Zawose na jamaa zake walikwenda kupiga Ulaya mara nyingi. Mwaka 1996 albamu yake Chibite ilitolewa nchini Uingereza na kampuni ya Real World, iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel, na mwaka 2002 ikafuata Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook. Waliojaa kumsikiliza hawakujua Kigogo. Wengi hawakujua hata Kiswahili. Walichosikia ni upinde ukipita juu ya nyuzi za zeze na sauti ya mtu mzima ikipanda kama ya mtoto.

Linganisha na yule kijana wa Iceland: upinde juu ya nyuzi, sauti ya juu, wimbo usio na haraka, wasikilizaji wasiojua lugha. Wawili hao hawakuwa na uhusiano wowote. Mmoja alitoka kwenye barafu, mwingine kwenye ukame wa Ugogo. Njia waliyopita kumfikia msikilizaji ni moja.

Zawose alifariki Desemba 2003. Watoto na wajukuu zake wanaendelea na kazi, na mwaka 2024 Real World ilitoa albamu ya wanawake wawili wa ukoo huo, Pendo na Leah, wanaojulikana kama The Zawose Queens.

Sikio linajua nini?

Kabla ya kwenda kwa wataalamu, tuanze na tunayoyajua wenyewe. Vigelegele havina neno hata moja. Lakini vikisikika kutoka nyumba ya tatu, kila mtu anajua kuna heri: mtoto amezaliwa, au posa imekubaliwa. Mama anayembembeleza mtoto mchanga humtolea sauti ndogo zisizo maneno, na mtoto analala ingawa hajui lugha yoyote. Na wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ni pembe tu, haisemi, lakini kijiji kinatoka.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa Wamafa, watu wa milima ya kaskazini mwa Kamerun. Waliochaguliwa walikuwa hawajawahi kusikia muziki wa Kizungu. Walipigiwa vipande vya kinanda, wakaombwa waoneshe picha ya uso unaofanana na kila kipande: uso wa furaha, wa huzuni au wa hofu. Hawakupatia kila mara, lakini walipatia mara nyingi kuliko mtu anayebahatisha.

Mwaka 2018 ukatoka utafiti mwingine. Watu wa nchi 60 walisikilizishwa vipande vifupi vya nyimbo kutoka jamii 86 za dunia, jamii ambazo wengi wao hawakuwahi kuzisikia. Waliulizwa kila wimbo ni wa kazi gani. Nyimbo za kucheza waliweza kuzitambua. Za kubembeleza watoto pia. Za kuponya wagonjwa walizitambua kwa kiasi kidogo. Nyimbo za mapenzi ziliwashinda.

Hapo kuna somo la pande mbili. Mwendo wa mdundo, ukubwa wa sauti na kupanda au kushuka kwake vinabeba habari, na mwili wa binadamu unazisoma habari hizo bila kufundishwa. Ndiyo maana wimbo wa Kilingala, wa Kiaislandi au wa Kigogo unaweza kukutuliza au kukuinua. Lakini mapenzi yana mambo mengi ndani yake: nani kamwacha nani, kwa sababu gani, na nani ameahidi nini. Hayo yanahitaji maneno.

Tunachokosa tusipoelewa

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba maneno hayana kazi. Chukua wimbo Indépendance Cha Cha wa Grand Kallé, wa mwaka 1960. Afrika nzima iliucheza, na bado unachezwa kwenye harusi. Ndani yake kuna majina ya vyama na viongozi wa Kongo waliokwenda Brussels kudai uhuru. Anayecheza bila kujua anacheza juu ya ukurasa wa historia.

Chukua pia Mario wa Franco, wa mwaka 1985. Ni wimbo mrefu wenye sebene tamu, lakini kinachosemwa ni malalamiko na karipio kwa kijana mwenye elimu yake anayekaa kwa mwanamke aliyemzidi umri ili alishwe na kuvishwa. Mpaka leo Watanzania tunamwita kijana wa namna hiyo "marioo", na wengi wanaolitumia neno hilo hawajui kwamba lilikuja na santuri. Hapa maana ilipenya hadi kwetu japokuwa lugha haikupenya.

Hata nyimbo zetu hupata mkasa huohuo. Malaika umeimbwa na wageni wa kila nchi kama wimbo mtamu wa mapenzi. Anayejua Kiswahili anasikia jambo jingine: kijana anayetaka kuoa na hana mali. Kwa mkulima au mvuvi anayejua mahari inavyosumbua, wimbo huo una uchungu ambao mgeni hausikii.

Kama wewe ni mpenzi wa nyimbo za Kikongo, maneno machache tu yatakufungulia mlango. Kilingala na Kiswahili ni lugha za Kibantu, ni ndugu. Haya ndiyo utakayoyasikia mara nyingi:

Bolingo ni mapenzi.
Motema ni moyo.
Mwasi ni mwanamke, mobali ni mwanamume.
Mwana ni mtoto, kama kwetu.
Ndako ni nyumba.
Nzela ni njia.
Mokili ni dunia.
Mawa ni huzuni.
Liwa ni kifo.
Mai ni maji.

Angalia pia neno "moto". Kwa Kilingala linaweza kuwa mtu au moto wa kuwaka, kutegemea sauti inavyopanda. Mara nyingi katika nyimbo ni mtu. Ukiyashika maneno haya, sikiliza tena wimbo mmoja unaoupenda. Utaanza kujua ni wapi mwimbaji analia na ni wapi anabembeleza.

Nyimbo za nyumbani ambazo zinatupita

Sasa turudi kwetu. Ngarambe na vijiji vinavyoizunguka ni nchi ya lugha nyingi. Kuna wazee wanaozungumza Kimatumbi, Kindengereko, Kingindo na nyinginezo. Kiswahili kimetuunganisha, na ni jambo jema. Lakini watafiti wa lugha waliofika Rufiji wameona kwamba Kindengereko kinazungumzwa zaidi na watu wazima, na watoto wengi wanakua na Kiswahili peke yake. Kwa hiyo bibi akiimba wimbo wa kupalilia, wa kutwanga au wa kuomboleza, mjukuu anaweza kuwa amekaa pale kama Mwingereza mbele ya Zawose. Anasikia sauti, maneno yanampita.

Vijana wengine huona aibu. Husema nyimbo hizo ni za kizamani na hawazielewi, basi wanaziacha. Lakini kijana huyohuyo ana nyimbo ishirini za Kilingala kwenye memori kadi ya simu yake. Kama kutoelewa maneno hakukumzuia kumpenda Franco, hakuna sababu kumzuie kumsikiliza bibi yake. Tofauti ni moja tu, na ni kubwa: Mkongo wa kumfasiria hayupo karibu, bibi yupo. Anaweza kuulizwa leo jioni.

Watu wa Iceland waliwahi kufanya jambo la kufundisha. Huko kuna ushairi wa zamani unaoimbwa bila vyombo, uitwao rímur. Ulikuwa ukiimbwa majumbani usiku wa baridi, watu wakifanya kazi za mikono. Vijana wa Sigur Rós, wakiwa tayari wana jina, walimchukua mwimbaji wa mashairi hayo, Steindór Andersen, ambaye kazi yake ilikuwa uvuvi. Walipanda naye jukwaani na mwaka 2001 wakatoa naye santuri fupi. Hawakumbadilisha. Walimwacha aimbe kama alivyojifunza, wao wakaweka mlio wa chini tu. Mwaka 2006 wakazunguka nchi yao wakipiga bure kwenye kumbi za vijiji na hata kwenye kiwanda cha samaki kilichofungwa. Safari hiyo ilitolewa filamu iitwayo Heima, maana yake nyumbani.

Ngarambe yenyewe ina ushahidi kwamba sauti ya mzee ikihifadhiwa ina thamani. Mwaka 1904 na 1905 watu wa makabila mengi, kila mmoja na lugha yake, walimiminika huko kwa Kinjikitile Ngwale kufuata maji, na baada ya hapo ikaja vita ya Maji Maji. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro Agosti 1905. Maandishi ya Wajerumani yalieleza upande wao. Upande wa wananchi tunaujua kwa kiasi kikubwa kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1960 wanahistoria na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Gilbert Gwassa, waliwafuata wazee vijijini wakawauliza na kuandika walichosema. Wazee hao wote wamekwishafariki. Wangechelewa miaka ishirini, wangekuta makaburi.

Namna ya kuhifadhi wimbo kwa simu yako

Huhitaji studio. Simu janja inatosha, na simu nyingi za kitochi nazo zina sehemu ya kurekodi sauti. Fuata hatua hizi.

Kwanza, omba ruhusa. Mweleze mzee unataka kufanya nini na sauti yake, na nani ataisikia. Akikataa, heshimu. Nyimbo za jando na unyago zina miiko yake na wenyewe wana haki ya kuzifunga, kwa hiyo usizirekodi kwa kificho wala kuzirusha kwenye makundi ya simu.

Pili, chagua mahali na saa. Alfajiri au jioni ni bora, mbali na jenereta, mashine ya kusaga na jogoo. Funga intaneti ili ujumbe usiingie katikati. Weka simu juu ya kitambaa, karibu na mdomo wake kiasi cha mkono mmoja. Upepo ukiwa mkali, ingieni ndani.

Tatu, aanze kwa kusema jina lake kama anaridhia, kijiji, lugha ya wimbo na wimbo unaimbwa wakati gani. Halafu aimbe wote bila kukatizwa. Kama husahau ubeti, mwache arudie. Ukicheka au kumharakisha, atafupisha.

Nne, na hii ndiyo hatua inayosahaulika: baada ya wimbo, mwombe aeleze maana kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, nawe uendelee kurekodi. Wimbo bila maelezo utamgusa mjukuu wako, lakini hataujua. Ukiwa na vyote viwili, amepata urithi kamili.

Tano, usiache sauti kwenye simu moja. Simu hudondoka mtoni na memori kadi huungua. Nakili kwa ndugu wawili au watatu wanaoaminika, na uandike kwenye daftari tarehe, jina la mwimbaji na lugha. Mrudie mwimbaji umsikilizishe alichoimba. Wazee wengi hawajawahi kusikia sauti yao wenyewe, na mara nyingi akijisikia atakumbuka wimbo mwingine.

Ukisikiliza ulichorekodi, fanya jaribio moja. Sikiliza mara ya kwanza bila kufuata maana, kama unavyosikiliza wimbo wa Kikongo. Angalia sauti inapanda wapi, inapumzika wapi, wengine wanaitikia wapi. Halafu sikiliza maelezo, kisha rudia wimbo. Mara ya tatu utakuwa umesikia alichosikia bibi yako alipofundishwa na bibi yake.